Chumvi ya tangi la baharini iliyolala stoo: dalili, chanzo na la kufanya

Chumvi ya kutengenezea maji ya bahari haifiki Uganda kwa urahisi. Inashushwa Mombasa, inapanda lori, inavuka mpaka Malaba au Busia, na ikifika Kampala bei yake imeshabeba gharama ya safari nzima. Ndiyo maana anayefuga matumbawe au samaki wa anemoni hapa hununua ndoo kubwa kwa mkupuo, na ndiyo maana hana moyo wa kuitupa hata akivunja tangi, akihama nyumba au akiacha ufugaji kwa muda. Ndoo inabaki stoo. Mvua za Machi zinakuja na kwenda, za Septemba zinafuata, na siku anapotaka kuanza upya swali ni lile lile: hii chumvi bado ni salama?

Usianze kwa kuuliza ina miaka mingapi. Uliza imekutana na nini humo stoo.

Ndani ya ndoo hiyo sehemu kubwa ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi tunayoijua sote. Halafu kuna kloridi ya magnesiamu, kloridi ya kalsiamu, salfeti ya magnesiamu, chumvi za potasiamu, bikaboneti ya sodiamu na madini mengine kidogo kidogo. Madini hayaozi wala hayachachi. Ndoo ambayo mfuko wake wa ndani haujatobolewa tangu kiwandani inaweza kukaa miaka na kutoa maji yale yale. Chapa zinazoongezewa vitamini ni kweli hupoteza nguvu ya vitamini hizo kadiri muda unavyopita, lakini hilo haliifanyi chumvi kuwa sumu.

Adui ni unyevu. Kloridi ya magnesiamu na ile ya kalsiamu hunyonya maji kutoka hewani kwa nguvu, hata zikayeyuka zenyewe bila mtu kumwaga tone. Mtu anayeishi Entebbe, Ggaba au popote karibu na ziwa anajua jinsi chumvi ya mezani inavyolowa msimu wa mvua. Hizi mbili zinalowa zaidi. Umajimaji ukishapatikana ndani ya ndoo, kalsiamu na bikaboneti ambazo zilikaa pamoja kwa amani zikiwa kavu huungana na kuwa kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa. Chokaa hiyo haitayeyuka tena kwenye maji ya tangi. Kinachopotea zaidi hapo ni ualkali, ule uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, na ambao matumbawe hujengea mifupa yao. Ndoo inaweza kuonekana imejaa, uzito wake uko vilevile au hata umeongezeka, na bado ikawa imepungukiwa na kitu ambacho ulikilipia.

Kabla hujailaumu chumvi

Soma lebo kwanza. Kuna chumvi ya samaki inayouzwa kwa ajili ya kutibu samaki wa maji baridi, na hiyo ni kloridi ya sodiamu tupu. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, mabonge si tatizo lolote: yaponde, endelea kuitumia kwa kazi yake. Haikuwahi kufaa kwa tangi la bahari na haitafaa leo. Mwongozo huu unahusu ile ya pili, yenye kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti ndani yake.

Jambo la pili ni vipimo vyako. Chumvi iliyokaa stoo miaka mitatu mara nyingi imekaa na vifaa vya kupimia vya umri huo huo, na dawa za kupimia, tofauti na chumvi, huharibika kweli. Nimeona watu wakitupa chumvi nzima kwa sababu ya kichupa cha dawa kilichopitwa na wakati. Kukagua kipimo cha ualkali ni rahisi: yeyusha gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea isiyochanganywa na kitu kingine, kwenye lita 10 za maji yaliyokenekwa. Maji hayo yanapaswa kusoma KH 10 (KH ndicho kizio cha ualkali), au karibu kabisa na hapo. Yakisoma 6 au 14, kipimo ndicho kilichokufa. Hakikisha si poda ya kuumulia keki, kwa sababu hiyo ina asidi na wanga ndani yake. Ukinunua maji yaliyokenekwa kwenye duka la vipuri vya magari, soma kichupa kwa makini, maana rafu ile ile huwa na asidi ya betri katika chupa zinazofanana.

Refraktomita, kifaa kinachopima kiwango cha chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, nayo isahihishwe. Wengi huisahihisha kwa maji matupu wakiridhika ikisoma sifuri, lakini sifuri sahihi haikuhakikishii 35 sahihi. Tengeneza maji ya kulinganishia: gramu 36.5 za chumvi ya kawaida kavu na gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa. Mchanganyiko huo unapinda mwanga sawasawa na maji ya bahari yenye gramu 35 kwa kilo, kwa hiyo refraktomita ya maji ya bahari iseme 35. Wenye haidromita ya sindano, ile inayopima chumvi kwa mkono unaoinuka ndani ya maji, wagonge kidogo kuondoa viputo, kwani kiputo kimoja kwenye mkono wake huupandisha na kukudanganya.

Kisha pima maji unayotumia kabla hujatia chumvi. Maji ya bomba yana klorini, na ya kisima yanaweza kuwa na ugumu wake wenyewe utakaojificha ndani ya vipimo vya chumvi. Andika namba hizo pembeni.

Baada ya hapo, usiguse tangi bado. Chukua lita 5 za maji safi, washa pampu ndogo, na utie gramu 180 za chumvi, kidogo kidogo. Kila kinachofuata hapa kinasomwa kwenye hizo lita 5.

Chumvi imeganda mabonge

Hii ndiyo dalili inayowatisha wengi, na ndiyo yenye maana tofauti kulingana na ugumu wake. Bonge linalovunjika kwa kubanwa na vidole limepata unyevu kidogo tu, au limebanwa na uzito wa mizigo iliyowekwa juu ya ndoo. Livunje, chekecha, endelea na kipimo. Mara nyingi chumvi ya namna hii ni nzima kabisa.

Bonge linalohitaji nyundo ni habari nyingine. Hapo chumvi ililowa, ikayeyuka kidogo, kisha ikakauka na kushikana tena, na kila mzunguko wa kulowa na kukauka ulizalisha chokaa. Livunje vipande viwili na utazame pale lilipopasukia. Ukiona tabaka la unga mweupe mkavu, usio na ule mng'ao wa punje, tabaka hilo kwa kawaida ni chokaa. Kumbuka pia kwamba ugumu haulingani ndani ya ndoo moja. Ukoko huanzia juu chini ya mfuniko na kando ya ukuta wa ndoo, wakati katikati kunaweza kuwa na chumvi laini isiyoguswa. Usichanganye hizo mbili kabla ya kupima kila moja peke yake. Inawezekana theluthi mbili za ndoo yako ni nzima.

Watu huniuliza kama wanaweza kuianika juani au kuikausha kwenye oveni. Kuanika kunaondoa maji lakini hakurudishi bikaboneti iliyokwisha kugeuka chokaa. Na moto ni mbaya zaidi: bikaboneti ikipashwa hutoa hewa ya kaboni na kubaki kaboneti, na kloridi ya magnesiamu yenye maji ikichomwa sana hutoa mvuke wa asidi ya kloridi, ambao hutaki uingie mapafuni mwako wala kwenye oveni ya chakula. Iache.

Kuna majimaji chini ya ndoo

Inua mfuko wa ndani na utazame. Majimaji mazito yanayoteleza vidoleni kama mafuta, na yasiyokauka hata ukiyaacha kwenye kisahani siku nzima, ni kloridi ya magnesiamu na ya kalsiamu zilizojiyeyusha. Kosa linalofanyika hapa ni kuyamwaga ili "kuikausha" chumvi. Ukiyamwaga umemwaga sehemu kubwa ya magnesiamu na kalsiamu, na kinachobaki ni chumvi ya mezani yenye jina kubwa.

Ikiwa bado yamo, na mfuko ni mdogo, njia yenye maana ni kuyeyusha mfuko mzima kwa mara moja, chumvi na majimaji yake, kwenye pipa, kisha kupima kalsiamu, magnesiamu na KH ya pipa hilo. Ikiwa yalishavuja kupitia tundu na kuacha doa sakafuni, usiitumie kwa matumbawe. Hakuna namna ya kujua uwiano uliobaki kwenye kila kopo utakalochota.

Maji yamekuwa meupe na hayatakati

Chumvi mpya nayo hufanya maji meupe kwa muda. Mpe pampu saa kadhaa. Yakiwa maangavu kesho yake asubuhi, hakuna la kujadili. Yakibaki meupe baada ya saa 24, au yakitakata lakini yakaacha tabaka jeupe chini, jiulize kwanza ulivyochanganya.

Chumvi mpya kabisa huharibika ndani ya dakika chache ikichanganywa vibaya. Ukitia chumvi kwenye pipa tupu kisha ukamwaga maji juu yake, maji ya kwanza yanakuwa mazito kupita kiasi, kalsiamu na bikaboneti zinakutana zikiwa zimebanana, na chokaa inazaliwa papo hapo. Ni hivyo hivyo ukimwaga kilo nzima kwa mpigo huku pampu imezimika kwa sababu umeme umekatika. Ni hivyo pia ukiwasha hita kabla chumvi haijayeyuka, maana kaboneti ya kalsiamu huganda kwa urahisi zaidi kwenye maji ya moto. Kwa hiyo rudia jaribio kwa utaratibu: maji kwanza, pampu inazunguka, joto la kawaida la nyumba, chumvi kidogo kidogo. Jaribio la pili likitoka angavu, chumvi yako ni nzima na kosa lilikuwa la mkono.

Likitoka jeupe tena, tambua ule weupe ni nini. Acha maji yatulie, mwaga ya juu taratibu, kisha suuza mashapo mara mbili kwa maji matamu. Kuyasuuza ni muhimu kwa sababu bikaboneti iliyobaki kwenye maji ya chumvi nayo hutoa povu ikiguswa na siki, na itakupotosha. Weka mashapo kwenye kisahani cha rangi nyeusi, dondoshea siki nyeupe au maji ya ndimu. Yakichemka viputo vidogo vidogo na kutoweka, ni kaboneti ya kalsiamu. Yakikaa kimya, hasa yakiwa ya kijivu au kahawia, ni uchafu usioyeyuka wa malighafi au kitu kinachotiwa ili punje zisishikane. Kidogo chake kwenye chumvi nyingi ni cha kawaida, na ukiyaacha yatulie unayaacha chini ya pipa.

Usitie siki kwenye pipa zima ili kuyatakasa maji. Siki ni chakula cha bakteria, na maji yatakuwa meupe upya kwa sababu nyingine, huku oksijeni ikipungua.

KH iko chini

Hapa ndipo uamuzi wote unapofanyika, na ndicho kipimo ambacho ningekuomba usikiruke hata kama chumvi inaonekana nzuri na maji ni maangavu.

Rekebisha kwanza kiwango cha chumvi hadi 35, halafu ndipo upime. Maji ya bahari ya asili kwa kiwango hicho yana kalsiamu kama miligramu 410 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na KH inayokaribia 7. Lakini usilinganishe na bahari peke yake. Linganisha na namba zilizoandikwa kwenye ndoo, kwa sababu baadhi ya chapa zimetengenezwa makusudi zitoe KH 11 au 12. Chumvi ya namna hiyo ikikupa 7 si kwamba iko sawa na bahari. Imepoteza kitu.

Upotevu wa chokaa una hesabu yake, na hesabu hiyo inakuonyesha chanzo. Kila KH 1 inayoondoka kama kaboneti ya kalsiamu huondoka na takriban miligramu 7 za kalsiamu kwa lita. Chukua ndoo ambayo lebo yake inasema KH 11 na kalsiamu 430. Ukipima ukapata KH 6 na kalsiamu 395, KH imeshuka 5 na kalsiamu imeshuka 35. Vinaendana, kwa hiyo unajua ni unyevu na chokaa, si kitu kingine. Unaona pia kwamba kalsiamu bado inatosha. Kilichoumia ni KH, nayo inarekebishika kwa bei ya pakiti moja ya soda ya kuokea.

Kiasi ni hiki: gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu hupandisha lita 100 za maji kwa KH 1. Kutoka 6 kwenda 8.5 kwenye lita 100 unahitaji gramu 7.5. Pima kwa mizani ndogo, ile inayotumiwa na wauza vito, kwa sababu kijiko cha chai hakiaminiki. Yeyusha kwenye jagi la maji matamu, kisha mimina taratibu mahali ambapo pampu inasukuma maji kwa nguvu. Ukimimina haraka utatengeneza chokaa ile ile unayojaribu kufidia. Ngoja saa kadhaa, pima tena.

Ikiwa kalsiamu imeshuka kuliko hesabu inavyosema, kwa mfano KH bado ni 10 lakini kalsiamu ni 330, chanzo si chokaa. Ama majimaji ya kloridi yalivuja, ama punje zimejitenga. Punje za madini haya hazilingani ukubwa, na ndoo iliyosafiri kwa lori kutoka pwani, kisha ikamalizia kwa boda boda kwenye barabara ya murram, imetikiswa vya kutosha ili ndogo zishuke chini na kubwa zibaki juu. Funga mfuniko barabara, ilaze ndoo, iviringishe huku na huku, igeuze juu chini mara kadhaa, kisha pima upya kutoka katikati. Mara nyingi namba zinarudi mahali pake bila kuongeza chochote.

KH ikiwa chini ya 4 na mashapo ni mengi, mimi siipeleki kwenye matumbawe. Unaweza kuisahihisha kwenye karatasi, ndiyo, lakini ndoo iliyoharibika kiasi hicho haijaharibika sawasawa kote, na kila kopo litakupa maji tofauti. Matumbawe huvumilia namba isiyo kamili kuliko namba inayobadilika kila wiki.

Kiwango cha chumvi hakifiki

Umetia gramu 180 kwenye lita 5 na refraktomita inasoma 31 badala ya kukaribia 35. Hili ndilo jepesi kuliko yote: sehemu ya uzito uliopima ni maji ambayo chumvi iliyanyonya. Ongeza chumvi mpaka ifike. Ila ujue kwamba iliyonyonya maji kiasi hicho imepitia pia yale ya sehemu iliyotangulia, kwa hiyo pima KH.

pH haieleweki

pH iliyo juu, zaidi ya 8.5, mara tu baada ya kuchanganya ni ishara kwamba sehemu ya bikaboneti imegeuka kaboneti humo stoo. Acha pampu ya hewa ifanye kazi usiku kucha na itashuka. pH iliyo chini ya 8 na KH nzuri huwa haihusiani na chumvi. Ni hewa ya chumba kilichofungwa, chenye watu wengi au jiko la mkaa karibu. Peleka kikombe cha maji hayo nje na ukipulizie hewa kwa saa moja. Ikipanda, fungua dirisha.

Harufu, rangi, wadudu

Hapa sina huruma. Chumvi inayonuka mafuta ya taa, petroli, rangi ya nyumba au dawa ya mbu haisafishiki, na wala usiipime, itoe. Stoo nyingi zetu ndimo mnamokaa jenereta, sumu ya panya na dawa ya kunyunyizia mahindi, na mfuko wa plastiki haukuumbwa kuzuia mvuke wa vitu hivyo. Ni hivyo pia kwa mkojo wa panya na kinyesi cha mende ndani ya mfuko uliotobolewa.

Doa la kutu kutoka kwenye kopo la bati lililosahaulika ndani linaweza kukatwa pamoja na chumvi iliyolizunguka. Rangi ya kijani au samawati ni tofauti: hiyo inaashiria shaba, kutoka kwenye kijiko au kipande cha bomba la shaba, na shaba kidogo sana inatosha kuua kamba, konokono na matumbawe huku samaki wakionekana wazima. Itupe.

Vipimo vyote ni sawa lakini viumbe wanaumwa

Usirudi kwenye chumvi kwa sababu tu ni kuukuu. Wanaokufa ni kamba na konokono peke yao? Uliza maji yalitoka wapi. Maji ya mvua yanaonekana safi na hayana klorini, ila yakitoka kwenye paa la mabati, hasa mapya, yanabeba zinki, na zinki huua viumbe wasio na uti wa mgongo. Mabomba na viungo vya shaba kwenye nyumba nazo hutoa chembe, zaidi kwenye maji yaliyolala bombani usiku. Fungua bomba, yaache ya kwanza yaende kwenye ndoo ya kufulia.

Samaki wanahema haraka juu juu ya maji? Maji ya bahari hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji matamu, na Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi zaidi. Umeme ukikatika usiku, tangi linakosa pumzi upesi. Ongeza hewa kabla ya kubadilisha maji.

Na unapoanza kutumia chumvi uliyoirekebisha, badilisha asilimia 10 tu ya maji kwa mara ya kwanza, yakiwa na joto na kiwango cha chumvi sawa na vya tangi. Tazama matumbawe siku mbili tatu. Yakifunguka kama kawaida, endelea.

Chumvi iliyokataliwa na matumbawe

Nchi hii ina vituo vingi vya kuzalisha vifaranga vya kambale, na vifaranga hao wanapomaliza kiini chao, siku tatu hivi baada ya kuanguliwa, chakula bora cha kwanza ni artemia hai, vijidudu vidogo vya jamii ya kamba wanaoishi kwenye maji ya chumvi. Mayai ya artemia huanguliwa kwenye maji ya chumvi, na hayajali kama kalsiamu ni 410 au 330. Chumvi yenye mabonge na KH mbovu, mradi haina harufu wala shaba, inafanya kazi hiyo vizuri. Tia gramu 25 hadi 30 kwa lita, ongeza bikaboneti kidogo ili pH ivuke 8, weka gramu 1 hadi 2 za mayai kwa lita, joto la 26 hadi 28, taa na hewa kali kutoka chini. Chupa ya soda iliyokatwa kitako na kugeuzwa juu chini inatosha. Baada ya saa 24 hivi chuja, suuza artemia kwa maji matamu, lisha. Kama huna kambale, tafuta jirani anayefuga, atakushukuru.

Kitu kimoja nakuomba usikifanye ni kuirefusha chumvi kuukuu kwa kuichanganya na chumvi ya Katwe. Ziwa Katwe, kule Kasese, liko ndani ya kreta ya volkano, na maji yake yana kaboneti na salfeti nyingi mno ukilinganisha na bahari. Ni chumvi iliyolisha watu na mifugo vizazi na vizazi, lakini kaboneti yake ikikutana na kalsiamu ya ndoo yako, kalsiamu yote iliyokuwa imebaki salama itageuka chokaa.

Ndoo iliyopona ihifadhiwe hivi

Gawa chumvi kwenye ndoo ndogo zenye mpira kwenye mfuniko, kila moja ikitosha kwa pipa moja au mawili ya maji, ili uwe unafungua moja na kuimaliza. Kila kufungua ndoo kubwa ni kukaribisha hewa yenye unyevu juu ya chumvi yote. Ndoo zilizokuwa na rangi au sabuni zisitumike hata zikioshwa. Toa hewa kwenye mfuko wa ndani kwa kuukandamiza, usokote shingo yake, uifunge kwa mpira, halafu ndipo mfuniko. Chota kwa kopo la plastiki lililo kavu kabisa. Mkono uliotoka kwenye tangi usiingie humo.

Iweke juu ya ubao au rafu, kamwe si juu ya saruji, ambayo hupitisha ubaridi na unyevu wa ardhini. Iwe mbali na ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na mbali kabisa na chupa za dawa. Andika kwa kalamu nzito juu ya mfuniko tarehe uliyoifungua, pamoja na KH na kalsiamu ulizopima siku hiyo, ili mwakani uwe na namba ya kulinganisha.

Ile unayoitupa usiimwage shambani wala kwenye mtaro unaoelekea bwawani au kwenye mafunjo. Migomba haivumilii chumvi, na udongo uliolowa sodiamu hukaa muda mrefu bila kurudi sawa. Iyeyushe kwenye maji mengi na uimwage kidogo kidogo chooni, ikiwa nyumba yako imeunganishwa na bomba la maji taka la mji. Kama unatumia tangi la uchafu la nyumbani, ifunge kwenye mfuko mgumu na uitoe pamoja na takataka.